Shingo Isiyopigwa Msasa

Ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa nyama buchani kabla hajalisoma, asijali. Nitamfupishia.

Mimi ni Nzilani, mjane wa Makongeni. Mume wangu Mumo alikuwa seremala wa reli, na siku zake za mapumziko alichonga vinyago katika kibanda cha wachongaji kule Baba Dogo. Mwezi wa pili kibanda kikashika moto. Tulimzika kwao Wamunyu ndani ya sanduku lililopigwa misumari, na pale kaburini nikaanguka juu ya mpini wa sepetu nikang'oka jino la mbele. Watoto Mungu hakutujalia. Machozi pia hakunijalia. Tangu siku ile nilikuwa sijalia, na wenzangu kanisani walikuwa wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Nyumba tuliyokaa ni ya reli, na reli haimhifadhi marehemu. Ndipo Muoki, mdogo wake Mumo, alipokuja na wazee wawili wakanywa chai, wakakohoa, wakasema nirudi Wamunyu anirithi. Nikakubali. Nilikubali jinsi mtu anavyokubali kikombe cha pili cha chai ili wenyeji wasikasirike. Jumapili angekuja na lori kunihamisha, na kuanzia siku hiyo ningekuwa mke wake.

Wasomaji wengi mmeniandikia mkinitukana. Bwana mmoja wa mtaa wa Tena anauliza kama nilikuwa na akili timamu kumpa maji yule mtu aliyebisha mlangoni miezi michache baada ya matanga, amejifunga kitambaa uso mzima, macho tu yanaonekana, hasemi ila anaonyesha koo. Bwana wa Tena, sikuwa na akili yoyote. Aliyeniomba maji nilimpa maji. Angeniomba nyumba ningempa ufunguo.

Tuliachia Ijumaa jioni, nafunga masufuria yangu kwa kamba.

Jumamosi asubuhi waliingia Khavere na Qamar bila kubisha hodi. Khavere ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anaimba sauti ya kwanza kanisani, na nyumbani kwake pia hakuna sauti nyingine. Qamar anauza vitambaa vya pazia kwa jumla kule Eastleigh, na tulisoma darasa moja tukiwa wasichana.

"Vaa viatu," Khavere akasema.

"Nafunga vyombo."

"Vyombo vina miguu? Vitakungoja. Leo tunaenda town kuona majumba."

"Majumba gani?"

"Yote! Lile refu la mviringo, kanisa kubwa, makumbusho. Umezaliwa hapa, umekulia hapa, na kesho unaenda Wamunyu. Wakikuuliza Nairobi inakaaje utawaambia nini? Kwamba uliona Jogoo Road?"

Nilimwangalia Qamar. Ni yeye huwa na busara kati yetu, nikatarajia aseme niachwe.

"Twende, abaayo," akasema polepole. Hivyo ndivyo ananiita tangu utotoni, dada. "Nakuomba. Kama si kwa ajili yako, kwa ajili yangu."

Nikavaa viatu. Sikuona sababu ya kwenda wala ya kukataa.

Tulipiga mguu mpaka mjini. Pale kwenye jumba la mikutano, lile lililosimama kama gunzi la mahindi, Khavere alimbembeleza askari mpaka akatupandisha juu. Mlango wa lifti haujafunga vizuri, Khavere akaanza kuomba kwa Kiluhya, macho kayafumba. Tulipofika juu kabisa upepo ukataka kumvua leso.

"Oneni! Makongeni ile! Ona mabati yetu, ona reli! Nzilani, ona kwako!"

Niliangalia. Mabati yalikuwa mabati.

"Sema kitu basi!"

"Ni juu."

"Ni juu! Qamar, umemsikia? Mungu ametufikisha mawinguni, huyu anasema ni juu!"

Qamar hakucheka. Alikuwa anaangalia saa yake.

Tukashuka. Tukaingia kanisa kubwa, Khavere akasimama chini ya vioo vya rangi akajifanya ndiye aliyevinunua. Tukapita mbele ya msikiti wa Jamia, na Qamar akatusimamisha kutuonyesha kuba na minara.

"Hii ilijengwa babu yako akichunga mbuzi," akamwambia Khavere.

"Na babu yako?"

"Ngamia."

Walicheka, wakanigeukia wote wawili kuona kama nami nimecheka. Nikanyoosha midomo. Walijua ni midomo tu.

Niseme ukweli, niliona uchungu wao kuliko wangu. Kumtembeza mtu wa aina yangu ni kazi. Unamwonyesha dunia, naye anakurudishia uso mtupu kama sahani iliyooshwa.

Makumbusho tulifika jua likiwa utosini. Uani amesimama sanamu ya ndovu Ahmed, yule aliyewekewa walinzi mpaka akafa kwa uzee. Khavere akamzunguka kwa hasira.

"Ndovu mzima anapewa askari! Na sisi Makongeni tukiibiwa kamba ya nguo, nani anakuja?"

Ndani kulikuwa na ndege waliokaushwa, kabati baada ya kabati. Hapo nilisimama muda mrefu, na Khavere akafurahi akidhani nimependezwa. Nilikuwa nimewaelewa tu. Macho yako wazi, mabawa yako mahali pake, na ndani ni pamba.

"Tutoke," Qamar akasema. "Bado mahali pamoja."

"Hatujaona nyoka!" Khavere akalalamika.

"Nyoka hawaendi popote. Twendeni."

Alitutembeza kwa haraka mpaka upande wa Ngara, kwenye nyumba ya zamani ya mawe yenye nguzo na baraza pana. Ni jumba dogo la sanaa, jina lake naliacha. Qamar alisema aliwauzia pazia mwezi uliopita. Mlangoni alisimama kijana wa kazi, beji yake imeandikwa Patrobas.

"Karibuni masista. Hapa ni kuangalia tu, hakuna kushika."

Vyumba vilikuwa vyeupe na baridi. Khavere akaanza kuhesabia makosa michoro ya ukutani, huyu hana shingo, yule ana macho matatu. Qamar alinishika kiwiko akanipeleka moja kwa moja chumba cha mwisho. Kiwiko changu alikibana mpaka kikauma.

Katikati ya chumba, juu ya meza, kulikuwa na kinyago cha mti wa muhugu. Mwanamke ameketi, mikono magotini. Kibao chini kilisema: Mwanamke wa Ukambani, mchongaji hajulikani.

Niliangalia kama nilivyoangalia ndovu na ndege. Kisha nikaangalia tena, kwa sababu mwanamke yule alikuwa mimi.

Paji langu. Masikio yangu, ambayo Mumo alipenda kuyafanyia mzaha. Mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayesema karibu.

Lazima niwaeleze jambo moja la nyumbani kwetu. Mumo alichonga, mimi nikapiga msasa na kusugua kwa kiwi ya viatu. Ndivyo wachongaji wengi wanavyoishi na wake zao: tezo la kuchongea ni la mume, msasa wa kulainisha ni wa mke. Lakini baba yake alikuwa na sharti lake. Nyuma ya shingo, pale nywele zinapoishia, msasa haupiti. Pale zibaki alama za tezo, kinyago kipate pa kupumulia. Kwa hiyo kila jioni kulikuwa na maneno yale yale.

"Nzilani, shingo."

"Nimeiona shingo."

"Isije ikawa umesahau."

"Mumo, nimeiona!"

Nikanyoosha mkono.

"Sista! Hapana, hapana, hakuna kushika!" Patrobas akaruka.

Khavere akajitupa kati yetu, na Khavere si mtu wa kupitwa kirahisi. "Mwache! Huyu ni mjane!"

Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika nyuma ya shingo. Kwingine kote mti ulikuwa laini. Pale ulikuwa unakwaruza, alama ndogo ndogo za tezo zimepangana, kila moja imeelekea kushoto. Mumo alishika tezo kwa namna yake kwa sababu hakuwa na kidole cha shahada, na alama zake zote zilielekea kushoto.

"Ni ya Mumo," nikasema.

Khavere akashika mdomo. "Mungu wangu. Alikuchonga kabla hajafa! Pole, mama. Ona vile alikupenda."

Ningeridhika na hilo. Ningetoka pale na kinyago changu moyoni, nikaenda Wamunyu, nikaolewa. Lakini kidole changu kilizunguka mbele kikapanda mdomoni, kikaingia pengo.

Jino la mbele la kushoto halikuwepo.

Nikaupitisha ulimi kwenye pengo langu mwenyewe, kama mtu anayehakikisha mlango.

"Khavere," nikasema, "hili jino liling'oka wapi?"

"Si pale kaburini? Nilikuwa nimekushika mkono."

"Kaburini kwa nani?"

Alifungua mdomo kujibu. Akaufunga. Sijawahi kumwona Khavere akiufunga mdomo kwa hiari yake.

"Hii kitu iliingia lini?" nikamuuliza Patrobas.

"Hiyo? Si ya kitambo. Jamaa fulani hutuletea kila Saturday hii saa. Haongei maneno mob, lakini kazi yake ni safi, mdosi mwenye hii nyumba anazipenda mbaya sana. Leo pia lazima aingie."

Nikamgeukia Qamar. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye shungi.

"Ulijua."

"Nilikiona nikipima madirisha. Nikaona uso wako, nikasema ni kumbukumbu tu. Kisha nikaona jino." Akajipangusa. "Ningekwambiaje kwa mdomo, abaayo? Nije Makongeni niseme, nadhani mumeo hajafa? Ungenifukuza. Na kama nimekosea, ningekuua mara ya pili. Nikasema bora jicho lako lione lenyewe. Na leo ndiyo Jumamosi ya mwisho kabla hujaolewa."

Kwa hiyo lile jumba refu, na kanisa, na ndovu, vyote vilikuwa njia ya kunifikisha pale bila kunishtua. Nilitaka kumshukuru, nilitaka pia kumzaba kofi. Nikasimama tu.

Nikaukumbuka mkono. Chumba cha maiti walinifunulia mkono peke yake, mwili uliobaki walisema nisiuone. Mkono ulikuwa mweusi na kidole cha shahada hakikuwepo. Muoki akauliza, "Ndiye?" Nikasema ndiye. Muoki naye akasema ndiye.

Sasa fikiria. Kibanda kizima cha wachongaji, watu wanaoshinda na tezo tangu utoto. Ukitafuta pale mwenye vidole vyote ndipo utapata shida. Sisi wenyewe tuliwatania kila Krismasi kwamba wakikusanyika kumi hawawezi kuhesabu mpaka mia. Na siku ya siku tukamtambua mtu kwa kidole kilichokatika.

"Huyo amefika," Patrobas akasema.

Tulisikia hatua barazani. Mtu akaingia na gunia mgongoni, ameinama, kofia imemfunika macho. Akaliteremsha taratibu kama anayelaza mtoto. Kisha akainua kichwa.

Alikuwa Muoki.

Alituona watatu, akaona kinyago, akaona mkono wangu juu ya kinyago. Rangi ikamtoka.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji."

"Mmetembea?"

"Tumetembea. Tumeona ndovu."

Khavere akalipuka. "Wewe Muoki! Mzee wa kanisa! Kesho uje na lori umchukue mke wa mtu, na mwenyewe yuko hai? Na tulimzika nani? Nililia mpaka sauti ikapotea wiki mbili, nilimlilia nani?"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi! Tulimzika nani?"

Muoki akaangalia sakafu. "Hilo usiniulize mbele ya watu."

Patrobas akajisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mimi sikupaza sauti. Sikuwa nayo. "Muoki, uliapa chumba cha maiti kwamba ni yeye."

"Niliapa nikiamini! Kama wewe tu. Alinijia baada ya matanga, Wamunyu, nikiwa kwenye shamba. Nilikimbia, shemeji. Nilimkimbia ndugu yangu nikidhani ni mzimu." Akavua kofia akaifinyanga mikononi. "Alitoka ule moto akiwa hai, lakini uso haukutoka. Uso ulibaki kule."

"Ukanificha."

"Akanikataza! Kaniapisha kwa baba yetu."

"Na kunioa, nani alikuapisha?"

Akalisogeza gunia kwa mguu.

"Una mke Wamunyu," nikaendelea. "Mbeti hajakukosea kitu. Una njaa gani na mimi?"

"Sina!" akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama machoni. "Hata Mbeti amelia mpaka amechoka. Si mimi niliyekutaka, Nzilani. Ni yeye aliyenituma. Mumo ndiye aliyenituma nikurithi, usitupwe nje na reli ukose pa kulala. Alisema, mke wangu ameshanilia, amemaliza. Sitamfanya alie mara ya pili kwa sura hii."

Nilisikia Qamar akivuta pumzi.

"Mimi," nikasema, "sijalia hata mara ya kwanza."

Muoki alikunja uso kama mtu aliyemeza kitu kichungu. Nadhani hakuna aliyempelekea habari hiyo.

"Jino langu aliliona wapi?"

"Alitaka kukuona mara moja tu. Alikuja Makongeni, amejifunga kitambaa. Ulimpa maji."

Nilitafuta kitu cha kushika, nikashika bega la yule mwanamke wa mti. Siku ile alikunywa akinipa mgongo, nikadhani ni adabu. Aliponirudishia kikombe nikamwambia, karibu tena, nikamwona akinitazama mdomoni. Niliona aibu, nikaufunika kwa mkono. Kisha nikaenda kukisugua kikombe kwa majivu, nikiogopa ugonjwa.

Sasa nilianza kuhisi. Haikuja kwa utaratibu. Ilianza miguuni, kama mguu uliokufa ganzi unapopata damu, ukauma kuliko ulipokuwa umekufa.

"Yuko wapi?"

"Shemeji, subiri kwanza tuzungumze..."

"Muoki. Yuko wapi?"

Akaelekeza mdomo, kama sisi Wakamba tunavyoelekeza, upande wa mlango wa nyuma. "Huwa hapendi kuingia ndani. Anangoja gunia."

Khavere akanishika mkono. "Usiende peke yako."

"Mwache," Qamar akasema.

Nikapita katikati yao. Nilipita michoro isiyo na shingo na yenye macho matatu. Mlango wa nyuma ulikuwa umeegeshwa tu.

Nje kulikuwa na ngazi za mawe zikishuka uani. Kwenye ngazi ya mwisho alikaa mtu, amenipa mgongo, kitambaa kimezungushwa kichwa kizima. Koti lake nililijua kuwa la Muoki. Mkono wa kulia uliokuwa gotini haukuwa na kidole cha shahada, lakini hilo sikulitilia maanani tena. Vidole vilikuwa vimeshanidanganya mara moja.

Kitambaa kilikuwa kimepanda juu kidogo kwa nyuma. Pale nywele zinapoishia, moto haukufika. Shingo ilikuwa nzima, ile niliyoilalia tangu harusi yetu.

Alisikia nyayo. Hakugeuka.

"Wameichukua?" akauliza.

Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini niliijua. Niliizika Wamunyu mimi mwenyewe, nikatupa na udongo juu yake. Kitu cha moto kikanishuka shavuni, kikafika mdomoni, kikapenya kwenye pengo la jino. Kilikuwa na chumvi.

"Wameichukua," nikasema.

Mabega yake yakakauka; sauti yangu alikuwa ameijua. Kisha polepole, bila kugeuka, akainua ule mkono wenye vidole vinne akaifunika shingo yake, kama mtu mwingine anavyoficha uso.